Kola za Uzi wa Kijani

Siku ya kuaga, Vifungo alivaa gauni lake la kutokea, akafika kiwandani kabla ya mwenye funguo. Alisimama mlangoni akiyarudia maneno aliyotungiwa na shangazi yake. Yalikuwa machache: Mama, nimepata kazi mahali pengine, naomba ruhusa yako na radhi zako. Basi. Yeye alitaka kuongeza mawili matatu ya kwake, lakini shangazi alikuwa amemkatia njiani.

"Hilo la miaka sita litoe," alimwambia wakiwa jikoni. "Na hilo la jina, litoe. Unakwenda kuaga, huendi kushtaki."

"Lakini shangazi..."

"Lakini nini? Ukigombana naye, kesho mimi vipande nitavipata wapi?"

Hapo Vifungo aliyatoa yote mawili. Shangazi ndiye aliyemlea, na shangazi aliishi kwa kushona foronya kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye meza ya kukatia. Kila Ijumaa mwenye kiwanda alimjazia gunia. Vipande vile vilikuwa vya hisani, na hisani ya mwenye kiwanda ilikuwa na masikio marefu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Cherehani saba, meza moja ndefu, pasi mbili, na mvuke uliochanganyika na harufu ya rangi ya jirani, hata ikifika saa sita kila mtu anaumwa kichwa na kila mtu anadhani ni chake peke yake. Mwenye kiwanda walimwita Mama Futi, lakini kisogoni tu. Mbele yake alikuwa "mama". Futi ya kupimia haikumtoka shingoni asubuhi hadi jioni. Aliwapimia wateja, na aliwachapia mafundi vidole. Hakuchapa kwa kuumiza, alichapa kwa kukumbusha. Ufunguo wa choo aliuweka kwenye droo yake, na ukiuomba, anaangalia saa kwanza, halafu anakuangalia wewe.

Vifungo aliletwa hapo miaka sita nyuma, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, ametolewa darasa la tano, akaanza kwa kushona vifungo. Ndipo jina lilipotoka. Baada ya miaka miwili akahamishiwa kwenye kola, kazi ambayo mafundi wengi huikwepa, na sasa hapakuwa na mtu chumbani mle aliyeweza kugeuza kola kama yeye. Lakini jina lilibaki, na kigoda kilibaki kilekile, kifupi, karibu na mlango wa choo. Mteja akija akasifia kola, Mama Futi hutabasamu na kusema, "Huo mkono wa mkwe wangu." Mkwe wenyewe, ambaye kisogoni walimwita Bi Harusi kwa sababu mwaka wa tatu ulikuwa unapita na bado alitembea kama anayeshikiwa pindo la gauni, hakujua hata kola inaanzia wapi. Alikaa dirishani, kwenye kiti chenye mgongo, akishona mapindo.

Asiyejua angeuliza: sasa watu wa nje waliujuaje mkono wa Vifungo? Waliujua kwa uzi.

Kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Kila fundi alipewa rangi yake ya uzi, na akimaliza sehemu yake ya nguo, aliweka mishono mitatu midogo upande wa ndani, pale ambapo mvaaji haoni. Vifungo alikuwa kijani. Bi Harusi alikuwa zambarau. Nguo ikirudishwa na mteja kwa ubovu, waliita "mgeni". "Jamani, tuna mgeni!" Mama Futi hutangaza akiwa ameishika kwa vidole viwili, na cherehani zote hunyamaza. "Mgeni wa nani leo?" Nguo inafunuliwa, rangi inaonekana, na mwenye rangi anaitengeneza akiwa amesimama, saa ya chakula, wenzake wakila na kumtania. Kwa muda wote aliokaa kwenye kola, Vifungo hakuwahi kupata mgeni. Hata mmoja.

Hoteli moja kubwa ya mjini ilikuwa ikimpa Mama Futi kazi za sare. Msimamizi wa chumba cha kushonea cha hoteli hiyo alikuwa mwanamke mkimya, mwenye miwani, asiyesema neno kabla hajaigeuza nguo ndani nje. Siku moja alikuja mwenyewe. Mama Futi akatoka uani kupokea simu, na yule msimamizi akainua shati moja juu.

"Wa kijani ni nani hapa?"

Mzee wa pasi, waliyemwita Babu Pasi, alielekeza kwa kidevu. Msimamizi akainama pale kwenye kigoda.

"Binti, nina nafasi ya fundi wa kola. Mwezi ujao. Lakini mimi na mama yako huyu tunafanya kazi pamoja, sitaki maneno. Uje na barua yake, ameiandika kwa moyo mmoja, ina mhuri. Mtu aliyeondoka kwa ugomvi simchukui."

Usiku ule Vifungo hakuhitaji ndoto. Alijilaza tu, akawaza kiti chenye mgongo.

Sasa Mama Futi alifika na funguo zake, akamkuta mlangoni na gauni la kutokea. Vifungo akayasema maneno yake yote kwa pumzi moja, macho kwenye viatu. Alitegemea futi. Badala yake alikumbatiwa.

"Mwanangu! Mbona unatetemeka kama umeiba? Si jambo la heri hili? Mimi nilikulea ili ukae hapa uote mizizi?" Akamfuta jasho la paji la uso kwa kiganja. "Barua nitaiandika mwenyewe. Wataisoma watalia. Ila wiki mbili unipe, umfundishe mwenzio kola. Au nitakosea nikiomba hilo?"

"Hukosei, mama."

"Umeona? Mtu na mwanawe wakizungumza, mambo yanaisha."

Siku hiyohiyo Bi Harusi alibeba kiti chake akaja nacho karibu na mlango wa choo, akaziba pua kwa ncha ya kitambaa.

"Hapa unakaaje, dada?"

"Nakaa."

Kumfundisha kulikuwa kama kumwagia maji mchanga. Si kwamba Bi Harusi alikuwa mjinga; alikuwa na haraka tu, na hakuwahi kulipia kosa. Vifungo alimwonyesha jinsi ya kukata pembe kabla ya kugeuza, kuacha nyuzi mbili tu za kitambaa, kisha kuisukuma ncha taratibu kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Bi Harusi alisukuma kwa ncha ya mkasi. Pembe moja ikapasuka, nyingine ikatoka butu, na kola ilipolala mezani, upande mmoja ulisimama na mwingine ulilala, kama masikio ya mbwa aliyesikia kitu.

"Si inafanana fanana?" aliuliza Bi Harusi.

"Inafanana na nini?" Babu Pasi alidakia kutoka kwenye meza yake, na chumba kizima kikacheka, Bi Harusi naye akacheka, kwa kuwa hakuona la kumkasirisha.

Alipomaliza ile kola, akachukua uzi wake wa zambarau aweke mishono mitatu. Futi ikatua mezani, pa!

"Weka kijani," alisema Mama Futi. "Kazi ya mwanafunzi inabeba uzi wa mwalimu. Ndivyo tunavyofanya hapa tangu mwanzo."

Ilikuwa kweli. Vifungo mwenyewe alipokuwa anajifunza, kola zake za kwanza zilibeba uzi mwekundu wa fundi mmoja mwanamke, mnene, mpole, ambaye siku hizi alikuwa amekwishahama mji. Alimkumbuka amesimama saa ya chakula akifumua ubovu wa mtoto wa watu, bila kusema hili wala lile, akimkonyeza tu. Utaratibu ule haukuwa mbaya, mradi mwalimu yupo kesho kufumua. Lakini huyu mwalimu alikuwa anaondoka.

Oda iliyokuwa mezani wiki hizo mbili ilikuwa ya ile hoteli: mashati sitini ya wapokea wageni. Siku moja kabla ya mwisho, Vifungo aliyapitia yote kwenye bomba la kutundikia, akifunua kola moja moja. Thelathini na sita zilikuwa zake. Ishirini na nne zilikuwa za Bi Harusi. Zote sitini zilikuwa na uzi wa kijani.

Alisimama pale akayaangalia mashati. Yule msimamizi wa miwani alimjua kwa uzi huo tu. Hakuujua uso wake vizuri, hakulijua jina lake. Angefunua kola hizi, angesema, kumbe.

Akapiga moyo konde, akaenda kwenye meza ya Mama Futi. Barua yake ilikuwa pale pale, imekwishaandikwa, imelaliwa na mkasi mkubwa. Kidau cha wino wa mhuri kilikuwa pembeni, bado kimefungwa.

"Mama, naomba zile kola ishirini na nne nizifumue."

"Zina nini?"

"Ncha hazilingani."

Mama Futi aliliangalia bomba la nguo kutoka pale alipokaa, bila kuinuka. "Mbona mimi naziona sawa?"

"Ukizikaribia, mama, utaona."

"Aha. Kwa hiyo macho yangu yamezeeka." Akaegemea kiti. "Au unataka watu wajue kwamba ukiondoka wewe hapa panafungwa?"

"Hapana, mama."

"Basi?"

Vifungo aliongea chini sana, na bado walimsikia wote. "Basi hizo... tungeweka zambarau."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, hata ile mbovu ya pembeni ambayo huendelea yenyewe kidogo baada ya kuacha kuikanyaga. Bi Harusi aliinama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

"Unamkana mwanafunzi wako," alisema Mama Futi. Hakupaza sauti. Alipokuwa na hasira kweli, sauti yake ililainika. "Mbele ya watu. Mimi nimekuandikia barua hii kwa mkono wangu, shangazi yako Ijumaa anakuja na gunia lake, na wewe unamkana mkwe wangu mbele ya watu. Hebu niambie, mwanangu, maana mtu huondoka kwangu kwa heri au kwa shari. Wewe unaondokaje?"

Mkasi uling'aa juu ya barua. Vifungo alifikiri: barua kwanza. Nikishakuwa ndani ya hoteli nitaeleza. Nitakaa mbele ya yule mama nishone kola moja, ataona mwenyewe.

"Kwa heri, mama."

"Haya. Kafanye kazi."

Kesho yake, siku ya mwisho, hakula mchana. Wenzake walipotoka uani kula, alikaa na wembe akafumua, akageuza upya, akafumua nyingine. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyemwona isipokuwa Babu Pasi, aliyejifanya anasubiri pasi ipate moto. Alifika tisa. Ya kumi ilikuwa mkononi, bado hajaitia wembe, gari la hoteli lilipopiga honi. Dereva akaingia, akayabeba mashati begani kama mzigo wa kuni. Kumi na tano zikaenda zilivyo.

Zile mbaya kabisa Babu Pasi alikuwa amejaribu kuzilaza kwa mvuke. "Pasi inaficha mengi, mjukuu wangu," alimwambia, "lakini hizi zimezaliwa hivyo." Kisha akasogea. "Ungemwambia dereva. Neno moja tu, alifikishe."

"Nimwambie nini, babu? Barua haijapigwa mhuri."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye pasi yake. Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye pasi ile. Hakuwa na la kumfundisha mtu kuhusu kusema.

Jioni Mama Futi alizimisha cherehani zote, akaleta soda na biskuti, akawapanga mafundi kuzunguka meza ya kukatia. Alivaa miwani yake ya heshima.

"Huyu," alisema akimshika Vifungo bega, "aliletwa kwangu hajui hata kushika sindano. Kila anachokijua amekijua hapa. Leo hoteli kubwa inamtaka. Nani atasema Mama hainui watu?" Walipiga makofi. "Wapo wanaotoka kwa matusi. Wengine wanatoka bila kuaga, unakuta kiti kitupu. Huyu ametoka kama mtoto anayetoka kwao kwenda kuolewa."

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Kibiringo chako cha uzi kiko wapi, mwanangu?"

Vifungo akakitoa mfukoni. Kilikuwa kimebaki uzi kidogo, na mti wake umelainika kwa vidole vyake.

"Usinipe mimi. Mpe mwenzio. Rangi hii haijawahi kupata mgeni, ina mkono mwepesi. Kuanzia leo ni ya Bi Harusi." Alilisema lile jina mbele ya mwenyewe, kwa bahati mbaya, watu wakalipuka kicheko, na ndani ya kicheko hicho Vifungo alikiweka kibiringo cha kijani kwenye kiganja laini cha mwenzake. Bi Harusi alikipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikwepa.

"Asante, dada," alinong'ona. "Na samahani."

"Ya nini?" alisema Vifungo, maana watu walikuwa wanasikia.

Ndipo mhuri ukapigwa.

Nyumbani aliisoma barua mbele ya shangazi, kidole kikifuata neno kwa neno. Ilikuwa nzuri kweli. Ilisema ni mtiifu, msafi, hana mdomo, anapenda kufundisha wenzake. Ilisema kola zote sitini za oda ya mwisho ni kazi ya mikono yake. Shangazi alimrudisha asome tena mara tatu hapo pa kola.

"Umeona?" alisema na macho yamejaa maji. "Ungefungua mdomo wako, ungepata haya?" Gunia la vipande lilikuwa pembeni, limejaa mpaka juu.

Jumatatu, chumba cha kushonea cha hoteli kilimfanya asimame kidogo mlangoni. Kilikuwa na dirisha kila upande. Viti vyote vilikuwa na mgongo. Choo kilikuwa na mlango wazi na ufunguo ukining'inia ndani, kwa mtu yeyote.

Msimamizi aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja, akaiweka chini. Kisha akafungua droo, akatoa shati, akalilaza juu ya barua. Upande mmoja wa kola ulisimama, mwingine ulilala.

"Jumamosi mpokea wageni wangu ameambiwa na mgeni akainyooshe vizuri kola yake," alisema. "Nimeyapitia yote. Kumi na tano yako hivi." Akafunua kola. Mishono mitatu ya kijani ilionekana. "Nilikuwa nawaambia watu hapa, subirini, naleta mtu."

"Hizo si zangu," alisema Vifungo.

"Uzi si wako?"

"Uzi ni wangu. Kola si zangu. Nilikuwa nafundisha mtu, na mwanafunzi..." Maneno yalimkwama. Alikuwa ameyapanga njia nzima, na sasa yalimtoka kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Barua ya mama yako inasema ni zako, zote sitini."

"Inasema."

"Na wewe ndiye uliyeileta."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akapiga simu, akaiweka mezani ili wasikie wote wawili. Sauti ya Mama Futi ikajaa chumba.

"Ooh, mwanangu kafika? Huyo ni dhahabu, mama, nimekupa dhahabu! Kola? Hizo za mwisho? Ah, dada yangu, msamehe. Kichwa kilikuwa kimeshahama, mwili ndio ulibaki kwangu. Ni mtoto huyo. Akitulia mkono wake mzuri. Mpe nafasi, nakuomba, usimrudishe. Na zile kola niletee, mkwe wangu atazirudia. Yeye ndiye mwenye kijani sasa." Akapumua. "Yupo hapo? Hebu nimsalimie. Vifungo! Mwanangu! Umepokewa vizuri?"

Msimamizi aliisogeza simu mbele. Cherehani za chumba kile zilikuwa bado hazijawashwa, na mafundi watano waliokuwa wanafungua vifuniko walisimamisha mikono.

Alikuwa na neno. Lilikuwa pale ulimini, fupi, la kweli, na alijua kabisa likitoka litafika wapi: kwenye meza ndefu ya kukatia, na kutoka pale hadi kwenye gunia la Ijumaa. Na hapa wangemwona mtu aliyetukana mlezi wake kwenye simu saa mbili asubuhi.

"Nimepokewa vizuri, mama," alisema. "Asante kwa yote."

"Umesikia, dada? Mtoto wa adabu huyo!"

Simu ilipokatika, msimamizi alivaa tena miwani yake.

"Kakuitaje?"

"Vifungo."

"Kwa nini?"

"Ndiko nilikoanzia."

Msimamizi akalirudisha shati kwenye droo. "Basi na hapa tuanzie huko. Ya kola tutaona mbele ya safari. Nimeshindwa kukukataa kwa barua kama hii, lakini sitaweza kukupa kola kwa mashati kama haya. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Alipewa kiti chenye mgongo, karibu na dirisha. Alipewa bati la vifungo vyeupe vya matundu manne na mashati mapya ya kuvishona. Aliuliza aweke alama ya rangi gani, na fundi wa jirani akacheka.

"Alama ya nini? Kifungo ni kifungo."

Alipotunga uzi kwenye sindano, aliona kwamba mkono haukuwa umesahau chochote. Mara mbili kwa kila tundu, kuzungusha shingo, fundo, kukata. Kufika saa sita alikuwa amemaliza bati zima, na hakuna kichwa kilichomuuma.

Jioni shangazi alimpokea mlangoni, mikono imejaa nyuzi za foronya, uso umechanua.

"Mama Futi kanipigia mwenyewe! Anasema umempa heshima mbele ya wakubwa. Kwa hiyo mmeachana vizuri?"

Vifungo alivua viatu, akavipanga pembeni ya gunia.

"Vizuri sana, shangazi."